Kongoti na Visanduku Viwili

Kongoti ndiye aliyekuwa mkaguzi wa shule zote za wanyama, kuanzia Butimba hadi Igogo. Alitembea taratibu, mabawa kayakunja nyuma, kipara chake kikimeta juani, na popote alipotua watoto waliacha kuandika wakamtazama. Kwapani alibeba kitabu cha majibu. Kila swali lilikuwa na namba yake, na mbele ya kila namba palichorwa visanduku viwili, kimoja cha x na kimoja cha y. Kanuni yake haikuwa na maneno mengi: kisanduku kilichojaa ni maarifa, kisanduku kitupu ni uvivu, na dawa ya uvivu ni fimbo.

Shule ya Mkuyuni ilikuwa chini ya mkuyu mkubwa, hatua chache kutoka ziwani, mahali ambapo upepo wa asubuhi huleta harufu ya dagaa walioanikwa. Wanafunzi wengi walikuwa watoto wa wachuuzi. Walijua kurudisha chenji kabla hawajajua kusoma.

Kongoti alipenda maswali yanayotoka kwenye mazingira ya mtoto, na katika hilo hakukosea. Siku moja alipita kwenye genge la Mama Kanga, mama lishe anayejulikana na mtaa mzima, akaona karatasi zimechomekwa kwenye msumari. Zilikuwa stakabadhi za Kenge, mchuuzi wa samaki. Kenge alikuwa na desturi ya kuuza kwa mafungu: anakupa dagaa na sato kwa pamoja, anaandika jumla, wala hataji bei ya kimoja kimoja. Ukimwomba sado moja ya dagaa na sato mmoja, anakwambia kwake hakuuzwi rejareja. Kongoti alichomoa karatasi mbili. Ya kwanza ilisema: sado 2 za dagaa na sato 3, shilingi 19,000. Ya pili ilisema: sado 6 za dagaa na sato 9, shilingi 60,000. Akaandika chini yake, "Tafuta bei ya sado moja na bei ya sato mmoja," akalitia swali hilo kwenye mtihani wa muhula.

Yeye mwenyewe hakulifanya kwanza. Aliamini kwamba milinganyo miwili yenye vitu viwili visivyojulikana lazima izae jibu moja, kwa kuwa maswali yote aliyowahi kukutana nayo yalizaa jibu moja.

Siku ya mtihani watoto walianza vizuri. Walizidisha karatasi ya kwanza kwa 3 wakapata sado 6 na sato 9 kwa shilingi 57,000. Wakaitoa kwenye karatasi ya pili. Dagaa wakaondoka, na hilo walilitarajia. Sato nao wakaondoka, na hilo hawakulitarajia. Upande mmoja ikabaki sifuri, upande wa pili 3,000.

Hapo ndipo kila mtoto alipoonyesha alichofundishwa. Bata alidhani amekosea, akafuta yote na kuanza upya, akafuta tena, mpaka karatasi ikatoboka. Chiriku, mwepesi kuliko wote, aliiona 3,000 akaikamata. Akaandika x = 3,000, ingawa x haikuwemo tena kwenye mstari ule. Akairudisha kwenye karatasi ya kwanza: sado mbili ni 6,000, zinabaki 13,000 za sato watatu, kila sato 4,333 na senti zake. Visanduku vikajaa. Binti Mjusi, ambaye huzungumza kidogo na kutikisa kichwa sana, aliitazama ile sifuri iliyodai kuwa sawa na 3,000. Akaurudia mstari mmoja mmoja, akakuta hakuna alipokosea. Kisha akaandika nje ya visanduku kwa herufi kubwa: HAKUNA BEI INAYOFAA KARATASI ZOTE MBILI.

Kitabu cha Kongoti hakikuwa na jibu la swali lile. Akatafuta karatasi iliyojaa visanduku vyote viwili, akaipata ya Chiriku, akainakili kitabuni, kisha akasahihishia wengine kwa hiyo. Binti Mjusi alipata sifuri na fimbo nne.

"Hakuna si jibu," Kongoti alimwambia mbele ya wenzake. "Hakuna ni neno la mtoto aliyechoka kutafuta."

Nalisimulia hili bila haraka kwa sababu hapa ndipo watoto wengi wanapopotezwa, na si watoto wa wanyama peke yao. Mtoto wa shule ya serikali hapa Tanzania kwa kawaida husoma hesabu kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, akiingia sekondari anakutana na milinganyo hii kwa Kiingereza. Anashika hatua: zidisha, toa, gawanya, andika x, andika y. Hakuna anayemwambia kwamba kila mstari anaouandika ni sentensi, na kwamba sentensi husomwa. Akifika kwenye sifuri sawa na 3,000, anaona kosa lake. Akifika kwenye sifuri sawa na sifuri, anaandika kwamba jibu ni sifuri. Kwa miaka mingi watahiniwa wengi wa kidato cha nne wamekuwa wakifeli Hisabati, na mimi siamini hata kidogo kwamba ni kwa sababu vichwa vyao ni vizito. Mtoto aliyezoeshwa kujaza kisanduku atakijaza, hata pale hesabu yenyewe inapompigia kelele kwamba hakuna cha kujaza.

Jibu la Chiriku halikuishia shuleni. Kiboko, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa amechoshwa na malalamiko ya bei, na Kongoti akampelekea habari njema kwamba elimu imepata ufumbuzi. Baraza likakaa, likapitisha bei elekezi: sado ya dagaa 3,000, sato 4,333. Tangazo likabandikwa sokoni. Wachuuzi wa dagaa walikuwa wakinunua mwaloni kwa zaidi ya hapo, kwa hiyo haikupita wiki sado zikatoweka mezani, dagaa wakawa wanauzwa usiku nyuma ya mawe. Sato walibaki wakichacha, maana hakuna aliyekubali kulipa bei ile, na hakuna aliyekuwa na chenji ya shilingi tatu. Mama Kanga akafunga genge. Wazee waliokuwa wakila kwake wakalala njaa, nao hawakujua kwamba njaa yao ilianzia kwenye karatasi ya mtihani.

Ndipo akaja Mwalimu Pimbi. Alizaliwa kwenye mawe haya ya Mwanza, na ualimu wake aliupata akiwa amejibanza chini ya madirisha ya Chuo cha Ualimu Butimba. Wiki yake ya kwanza aliona mtoto mmoja wa nyuma haandiki kitu. Alimwita Binti Mjusi pembeni, akaomba kuuona mtihani wake, akausoma mpaka mwisho. Kesho yake akalichukua darasa zima kwenda ufukweni, na kabla ya kwenda akapita kwa Mama Kanga kuazima msumari wenye karatasi zake zote.

"Shikamoo Mwalimu," watoto walisema.

"Marahaba wanangu. Leo hatutafuti jibu. Leo tunatafuta kila bei inayowezekana."

Alichora kwa mwanzi mistari miwili kwenye mchanga uliolowa. Mmoja ulielekea kulia, huo ni wa bei ya dagaa, kila hatua shilingi 1,000. Wa pili ulipanda kuelekea mkuyu, huo ni wa bei ya sato, hatua zake sawa na za kwanza. Akawagawia makombe ya konokono wa ziwani.

"Karatasi ya kwanza, sado 2 na sato 3 kwa 19,000. Nani ana bei inayofaa?"

Bata alijaribu sado 5,000 na sato 3,000. Kumi na tisa, kumi na tisa kamili! Akahesabu hatua tano kulia na tatu juu, akaweka kombe lake. Mwingine akasema sado 8,000 na sato 1,000. Mwingine akasema 2,000 na 5,000. Makombe matatu yakakaa mchangani, na watoto wakaona yamejipanga kwenye mstari mmoja ulionyooka. Chiriku akauliza kama kati ya kombe na kombe kuna jingine. Akapiga hesabu mwenyewe: sado 6,500 na sato 2,000, ni 13,000 na 6,000. Lipo! Kati ya hilo na lile la 8,000 na 1,000 akapata 7,250 na 1,500. Nalo lipo. Makombe yakaanza kugusana, nafasi ikakosekana, mpaka Mwalimu Pimbi akachukua mwanzi akauchora mstari wote.

"Sokoni tungeishia kwenye shilingi nzima nzima," alisema. "Kwenye mstari huu, mahali pa kuweka kombe hapaishi."

Kisha akachomoa karatasi nyingine kwenye msumari, moja ambayo Kongoti hakuichukua: sado 4 na sato 6, shilingi 38,000. Watoto wakajaribu 5,000 na 3,000. Ikafaa. Wakajaribu 8,000 na 1,000. Ikafaa. Kila kombe jipya liliangukia juu ya kombe la zamani. Walipofanya kwa njia ya kutoa, wakapata sifuri sawa na sifuri. Chiriku alikwisha kuandika x = 0, y = 0.

"Chiriku mwanangu, Kenge anagawa samaki bure?"

Chiriku aliiweka sifuri yake kwenye karatasi ya kwanza, akaona inampa sifuri badala ya 19,000. Akafuta mwenyewe.

"Sifuri sawa na sifuri ni kweli, lakini haitupi kitu kipya," Mwalimu alisema. "Karatasi hii imerudia maneno ya ile ya kwanza mara mbili. Tuna karatasi mbili, habari ni moja."

"Kwa hiyo bei yoyote inafaa?" aliuliza Bata.

Swali hilo ni la dhahabu, na mwalimu asiyelisubiri amelikatisha somo katikati. Pimbi alimpa Bata kombe, akamwambia aliweke kwenye 6,000 na 6,000. Bata akapiga hesabu: 12,000 na 18,000, jumla 30,000. Haifai. Kombe lilikuwa peke yake, mbali na mstari.

"Majibu hayana idadi, lakini si kila kitu ni jibu. Lazima likae juu ya mstari."

Sasa akaitoa karatasi ya mtihani, sado 6 na sato 9 kwa 60,000. Binti Mjusi alisogea mbele bila kuitwa. Aliweka kombe kwenye 7,000 na 2,000, jingine kwenye 4,000 na 4,000, jingine kwenye 1,000 na 6,000. Mstari mpya ukajitokeza, umelala vile vile kama wa kwanza, ila umesogea pembeni kidogo. Bata akatembea katikati ya mistari ile miwili kuelekea majini, akitafuta mahali inapokutana. Nafasi ilikuwa ile ile tangu mwanzo hadi alipolowa miguu.

"Haikutani, Mwalimu," alisema Binti Mjusi. "Ni sambamba. Ndiyo maana sifuri ilidai kuwa 3,000."

"Wewe hukukosea. Karatasi mbili zilikuwa zinabishana, na wewe uliwasikia wabishi wakati wenzako walikuwa wakijaza visanduku."

Kisha akawaonyesha kilichofichwa kwenye msumari ule. Kila karatasi ya Kenge ilikuwa na sado mbili kwa kila sato watatu: 2 na 3, 4 na 6, 6 na 9. Kwa mtindo huo mistari yake ama inalaliana ama inakwenda sambamba, na mnunuzi hawezi kamwe kuijua bei ya sado moja, hata akikusanya stakabadhi za mwaka mzima. Bata alikumbuka kwamba mama yake, jirani wa Kenge, aliuziwa kwa upendeleo sado 1 na sato 1 kwa 8,000, siku ile ile ya karatasi ya kwanza. Wakaichora. Mstari huo ulikuja kwa mwinamo mwingine, ukaukata wa kwanza mahali pamoja tu: 5,000 na 3,000. Walipiga kelele za furaha mpaka yangeyange wakaruka.

Wiki hiyo korongo weupe walikuwa wamewasili kutoka kaskazini, na mmoja wao alikuwa amesimama kwa mguu mmoja akisikiliza. "Maji haya yakitokea Jinja huenda mpaka Misri," alisema, "nami kila mwaka napita huko. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita aliishi Misri mwanahesabu aitwaye Abu Kamil Shuja ibn Aslam, naye aliandika kitabu kizima juu ya kununua ndege. Una dirhamu 100, unataka ndege 100 wa aina mbalimbali, kila aina na bei yake. Utanunua wangapi wa kila aina? Watu wa wakati wake, wasomi na wasio wasomi, walizoea kujibu kwa kubahatisha jibu moja na kuridhika. Yeye hakuridhika. Katika swali moja alipata majibu 2,676. Alipowasimulia watu, walimshangaa na wengine wakamtilia shaka, ndiyo sababu akaandika kitabu. Na ndani ya kitabu hicho hicho aliweka swali ambalo halina jibu hata moja, akalionyesha kwamba halina."

"Alihesabu na nusu bata?" Bata aliuliza kwa hofu.

"Ndege wazima tu. Ndiyo maana majibu yake yalihesabika, na ya mstari wenu hayahesabiki."

Siku baraza lilipokaa tena juu ya bei, Kiboko alifungua kwa salamu ya "Mwangaluka," wote wakaitikia. Mwalimu Pimbi aliomba mtoto apewe nafasi. Kongoti alipinga: mtoto huyu alishafeli swali hili. Kiboko akasema mtoto aongee.

"Mzee Kenge," alisema Binti Mjusi, "shikamoo. Bei yako imebadilika tangu karatasi ya kwanza mpaka hii ya sado sita?"

"Marahaba. Haijabadilika, naapa mbele ya baraza."

"Ingekuwa haijabadilika, karatasi zako zingekubaliana. Hazikubaliani."

Kiboko akamgeukia Kongoti, akamtaka aipeleke bei elekezi kwenye karatasi ya pili, mbele ya watu wote. Sado sita kwa 3,000 ni 18,000. Sato tisa kwa 4,333 ni 38,997. Jumla 56,997. Kongoti akarudia. Jumla ikawa 56,997 tena, na karatasi ilisema 60,000.

"Basi nani mwongo hapa?" aliuliza Kiboko.

"Karatasi hazitaji mtu," alijibu Binti Mjusi. "Zinasema bei moja haikutumika siku zote mbili. Kilichobadilika inabidi tukiulize."

Fisimaji, mvuvi wa siku nyingi, akaomba kuona tarehe. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya wakati wa giza. Ya pili ilikuwa ya mbalamwezi. Hakuna mtu wa ziwa asiyejua maana yake: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti vizuri, mitumbwi mingi hupumzika, dagaa wanaadimika, bei inapanda. Kenge akakiri. Aliongeza 500 kwa kila sado, sado sita, shilingi 3,000. Namba ile ile iliyobaki upande wa pili wa sifuri.

Kupandisha bei wakati wa mbalamwezi si kosa, na baraza halikumhukumu kwa hilo. Lilimhukumu kwa kuapa uongo na kwa kuuza kwa namna ambayo mnunuzi hawezi kujua anacholipia. Aliamriwa amrudishie Mama Kanga 3,000 na kuanzia siku hiyo aandike bei ya sado na bei ya sato kila moja peke yake. Bei elekezi ikafutwa, na genge likafunguliwa Jumatatu iliyofuata. Kongoti aliagizwa alifanye kila swali yeye mwenyewe kabla ya kulipeleka darasani, na avifute visanduku kitabuni mwake. Alama za Binti Mjusi zilirekebishwa mbele ya darasa zima. Fimbo nne hazikuwa na namna ya kurudishwa.

Mwalimu wa hesabu unayesoma haya, katika zoezi lako lijalo changanya maswali yenye jibu moja, yasiyo na jibu na yenye majibu yasiyo na idadi, wala usiyatenge mwishoni wala kuyapa kichwa chake. Acha mistari mitupu chini ya swali badala ya x = na y =. Na mtoto akikuletea sifuri sawa na sifuri, au sifuri sawa na 3,000, kabla hujashika kalamu nyekundu mwulize mstari huo unasema nini, kisha mpe muda wa kukujibu.